Nyundo Isilale

Jiwe la kwanza lilipiga bati la jikoni. La pili lilivunja kioo cha dirisha. Lililofuata Gertrude alilipokea begani, alipofungua mlango aone ni nani hao wasio na haya. Wote aliwajua kwa majina. Wengi wao alikuwa amewasongea bukari, ugali wetu, kwa mikono yake mwenyewe, walipokuwa wakija kumtembelea mdogo wake Pitshou. Leo walikuwa wamejipaka masizi usoni na kujifunga majani kiunoni, na huyo huyo Pitshou walikuwa wamembeba mabegani, ndani ya sanduku.

"Germain eko wapi?" Hénoc alipiga kelele. Alikuwa ameshika sanduku mbele, upande wa kulia, mahali pa rafiki wa chanda na pete, naye, kama Pitshou, alimwita Gertrude yaya, dada mkubwa. "Yaya Gertrude, mutoshe bwana yako! Sanduku inamutafuta!"

"Hénoc, weye!" Gertrude alisema. "Unanitupia mawe miye? Unamuzika mudogo yangu ama unamufanya nini?"

"Miye hapana. Njo yeye Pitshou anatuvuta."

Anawavuta! Haya, tuliza moyo, nikueleze, maana msiba huu una mafundo. Huko Likasi kijana akifa ghafla, vijana wenzake huja kuwanyang'anya wenye kilio maiti yao. Gari la mazishi linaachwa nyuma na wazee wanatukanwa matusi ya nguoni. Sanduku linapandishwa mabegani na kukimbizwa huku na huku, na likipinda kuelekea nyumba ya mtu, basi mtu huyo ndiye aliyemla marehemu kwa uchawi. Nani analipinda? Usiulize. Waulize wale wanne walio chini yake, wenye macho mekundu kwa lutuku, ile pombe yetu kali, watakuapia kwa mama zao kwamba ni marehemu.

Na Pitshou hakuliwa na mtu. Pitshou aliuawa na ubao. Germain, mume wa Gertrude, alikuwa kapita, msimamizi, wa kikosi kilichobadilisha sakafu ya daraja la zamani juu ya mto, kilalo kama tunavyoliita, kwenye njia ya kwenda Buluo. Vyuma vyake ni vya enzi za Wabelgiji na bado vina nguvu, lakini mbao zilikuwa zimeoza hata ungeweza kuona maji kati ya vidole vya miguu yako. Pitshou, kitinda mimba wa Mama Madeleine, alikuwa kwenye kikosi hicho, na ni Germain aliyemwingiza kazini. Siku ile dereva mmoja wa lori la magunia alichoka kungoja. Alishuka, akasukuma mapipa yaliyoziba njia, akapanda tena na kuweka gurudumu la mbele juu ya ncha ya ubao ambao nati zake zilikuwa bado kukazwa. Ncha hii ikashuka, ile ya pili ikapanda, na juu ya ile ya pili alikuwapo Pitshou ameinama. Ilimpiga kifuani, ikamrusha chini kwenye mawe ya mto. Dereva akarudi kinyumenyume, akatokomea. Basi, ni hayo tu.

Lakini ukweli mfupi namna hiyo nani anautaka? Kabla jua halijazama, kisimani na sokoni watu walikuwa na hadithi yao nzuri zaidi. Kila daraja lina kichwa chake, walisema. Mamba Muntu, jini wa mto ule, alitaka kichwa kipya kwa ajili ya mbao mpya, na kapita akamtolea shemeji yake. Kama si hivyo, mbona ubao ulimpiga Pitshou peke yake? Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja, na midomo ya mtaa ule inajua sana kulileta.

Sasa fundo la mwisho, na hili ndilo chungu. Watu wa chuma wa kule, waliolelewa kwenye kambi za mgodi na za reli, wana desturi yao. Mwenzao akifia kazini, nyundo inalala. Vyombo vyote vinafungiwa ndani ya sanduku la chuma, wala hakuna mlio wa nyundo wala wa spana mpaka marehemu azikwe. Anayeupiga ni sawa na kumtemea maiti mate usoni. Germain aliitii. Alifunga vyombo siku ile ile, na mbao za katikati ya daraja akaziacha kama zilivyokuwa, zimelazwa juu ya vyuma bila nati hata moja.

Asubuhi hiyo ya maziko alikuwa amemwambia mkewe, akifunga kamba za viatu, "Mbao ya katikati haiyafungwa. Na makaburi iko ngambo. Wakipita mbio na sanduku, watakwenda mu mayi bote."

"Wende ku Mulungwishi, kwa yaya yako," Gertrude alimsihi. "Bantu banasema mambo mubaya. Wende tu, Germain, leo tu."

"Kapita haachake kilalo wazi. Mwambie mama bapitie njia ya mubali."

Mwenyewe hakuweza kumwambia Mama Madeleine. Mkwe ni mkwe. Kwao mwanamume hamkodolei macho mama wa mke wake wala hazungumzi naye uso kwa uso, na miaka yote ile Germain hakuwahi kuvunja heshima hiyo. Kwa hiyo Gertrude alikwenda yeye, akapiga magoti mbele ya mama yake kwenye mkeka wa kilio, akasema neno la daraja.

Mama Madeleine hakumtazama. "Mwana yangu alipita ku ile kilalo," alijibu. "Hata sanduku yake itapita pale."

Na sasa mama huyo huyo alikuwa amesimama barabarani, khanga kichwani, akiangalia vijana wakigonga mlango wa binti yake kwa jeneza la mwanawe. Waligonga mpaka bawaba zikang'oka. Wakaingia. Sahani zilipasuka na redio ikarushwa nje. Koti la Jumapili la Germain lilichanwa kuanzia kola mpaka mkia, kisha wakalitia moto kwenye makaa ya jikoni. Gertrude alimshika mmoja shati, akapigwa kofi lililomtupa juu ya masufuria. Damu ikamjaa mdomoni.

"Mama!" aliita. "Mama, bazuiye!"

Mama Madeleine aligeuza uso. Hilo lilimuuma Gertrude kuliko kofi, wacha niseme kweli. Kilio huanzia kwa mfiwa ndipo wa mbali akaingia, lakini hapa aliyefiwa mara mbili, na mdogo wake kisha na mama aliyegeuza uso, alikuwa mmoja tu, na hakuna aliyeingia upande wake.

Germain hakuwamo. Sanduku likayumba, likazunguka uwanjani, likainama mbele, na mtu akapaaza sauti, "Ku kilalo! Anakwenda ku kilalo!" Wakalipuka wote mbio kuteremka barabara, wimbo wa matusi midomoni, vumbi nyuma yao. Gertrude alibaki amepiga magoti kati ya vigae vya sahani zake. Alijua mambo mawili kwa wakati mmoja, kwamba mumewe yuko kule, na kwamba kila aliyekuwa akikimbia alikuwa anakimbilia kifo chake. Akajifunga kibwebwe, akatoka mbio bila viatu.

Akiwa mbali alimwona. Germain alikuwa amesimama mbele ya mapipa, peke yake, mkononi mtaimbo aliotoka nao nyumbani. Alipoona sanduku linakuja akautupa mtaimbo chini, ili wasiseme amewatishia, akanyoosha mikono yote miwili kuziba njia.

"Simameni! Batoto, arrêtez! Mbao haiyafungwa bado! Mutakufa!"

"Munamuona?" Hénoc aligeuka kwa wenzake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda. "Munamuona? Sanduku imemupata! Pitshou amemupata muchawi wake!"

Waliliweka sanduku chini katikati ya barabara, polepole, kwa adabu kabisa. Adabu yote waliyokuwa nayo iliishia hapo. Wa kwanza alimpiga Germain ngumi ya jicho. Wa pili alikuwa na tofali. Germain hakurusha mkono hata mmoja, alirudi nyuma tu hatua kwa hatua, mgongo kwenye mapipa, akirudia neno lile lile, "Haiyafungwa, haiyafungwa," mpaka tofali lilipomfunga mdomo. Alipoanguka walimzunguka. Mateke yalimwingia mbavuni, na Gertrude aliyasikia kabla hajafika, mlio kama wa mtu anayepiga gunia la unga. Mmoja aliukanyaga mkono wake wa kulia kwa kisigino na kukizungusha.

Gertrude alijitupa katikati yao. Aliuma mkono wa mtu. Akapiga kucha usoni pa mwingine. Akashikwa kitambaa cha kichwa pamoja na nywele zake, akavutwa na kutupwa pembeni, akarudi tena, akatupwa tena. Na wakati huohuo akaona kule mbele vijana wengine wameshaanza kusukuma mapipa ili kufungua njia, na wengine wameinama kulipandisha sanduku mabegani. Alipiga ukelele kwamba mbao ziko wazi. Nani amsikie? Kila mtu pale alikuwa anapiga kelele.

Jicho lake likaangukia mtaimbo. Karibu na nguzo ya daraja palikuwa na sanduku la vyombo, kufuli mlangoni, limelala kama desturi ilivyotaka. Aliuchomeka mtaimbo ndani ya kufuli, akaukalia kwa uzito wake wote, kufuli likaruka. Ndani akashika nyundo kubwa, ile ya kugongea mbao. Akaiinua mpaka juu ya kichwa, na akaishusha juu ya chuma cha daraja.

Daraja zima likalia. Mlio ulipita juu ya maji, ukaenda ng'ambo ukarudi. Akapiga tena. Na tena.

Mikono ilisimama hewani. Nyundo! Kabla ya maziko! Na aliyeipiga ni dada wa marehemu, tumbo moja! Hata walevi walielewa. Mama Madeleine, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika akihema, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Gertrude! Unamutemea mudogo yako mate!"

"Ndiyo, mama!" Gertrude alijibu, na nyundo bado iko mkononi. "Nimemutemea! Kwa sababu bwana yangu hakutaka kumutemea. Alifunga nyundo juu ya Pitshou, kwa heshima ya Pitshou, njo mbao ilibakia wazi! Muko na macho? Basi, muangalie!"

Alichukua mtaimbo, akapita kati ya mapipa, akaingia darajani mpaka pale mbao mpya zilipoanzia. Akauweka mtaimbo chini ya ncha ya ubao wa kwanza, akainua kidogo tu. Ubao uliteleza, ukapiga chuma, ukatoweka. Walisikia ukivunjika chini, juu ya mawe yale yale. Akainua wa pili, nao ukaenda. Palibaki shimo, na ndani ya shimo maji meusi yalikuwa yanakwenda zake.

"Pita sasa, Hénoc," alisema. "Wewe wa mbele. Pita na rafiki yako."

Hénoc alitazama shimo. Masizi usoni yalikuwa yameanza kuchuruzika kwa jasho, na chini yake palikuwa na sura ya kitoto kabisa. Alikaa chini barabarani kama mtu aliyekatwa miguu.

Gertrude aliitupa nyundo na kumrudia mumewe. Alikipakata kichwa chake. Jicho moja lilikuwa limefumba, na kila alipovuta pumzi kitu kilipiga filimbi ndani ya kifua chake. "Hospitali," alisema Gertrude. "Bantu ya Mungu, hospitali!" Halafu akakumbuka, na kila mtu pale akakumbuka pamoja naye. Hospitali iko ng'ambo, daraja lina shimo katikati, na njia ya mbali asingeimaliza akiwa hai.

Mungu si Athumani, husema watu wa pwani, lakini siku nyingine anachelewa. Upande wa pili walitokea watu mbio. Alikuwa Bertin, msaidizi wa Germain, pamoja na kikosi kizima. Wao wanakaa mjini, na walikuwa makaburini wakimngoja Pitshou waliposikia nyundo. Walikuja na hasira kumtafuta mwenye kufuru hiyo. Waliona shimo, wakaona na mtu aliyelala, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Clé!" Bertin alipaaza sauti. "Clé na bulo iko mu sanduku, ngambo yenu! Mutuletee, tufunge!"

Hénoc aliinuka. Bila kumtazama mtu yeyote alijifunga spana shingoni kwa mkanda, akatia mfuko wa nati na bolti ndani ya shati, akapanda juu ya chuma kitupu na kutambaa kwa tumbo juu ya maji mpaka akafika. Halafu akarudi kwa njia hiyo hiyo kuchukua nyingine. Vijana wale wale waliokuwa wakipiga sasa walikuwa wanashika mbao, wanasukuma, wanalia, wanagombana nani akaze wapi. Nyundo zililia mbele ya maiti na hakuna aliyesema neno.

Germain alikuwa anasikiliza. Midomo ilikuwa imevimba, lakini bolti moja ilipogongwa ikatoa mlio wa kopo, alisogeza kidole kwenye paja la mkewe. "Ile bado," alisema.

"Ile bado!" Gertrude aliwapigia kelele, na Bertin akairudia.

Hapo ndipo Mama Madeleine alipokuja. Alikuja kwa magoti, khanga imemwanguka, akakaa karibu na kichwa cha mkwewe kuliko alivyowahi kukaa maisha yake yote. "Germain," alisema. Hakuwahi kumwita kwa jina. "Germain, mwana yangu, nisamehe. Uniangalie."

Na Germain, kwa shingo ile iliyokuwa imebaki na nguvu kidogo tu, aligeuza uso wake upande wa pili, akautazama mto. Mtu asiyejua angedhani ni chuki. Haikuwa chuki hata chembe. Mkwe hamtazami mama mkwe, na Germain alishika desturi zake zote, na hiyo ilikuwa ya mwisho. Filimbi ya kifuani ilipiga mara chache zaidi ikanyamaza. Gertrude aliendelea kumpangusa damu mdomoni mpaka mama yake alipomshika mkono.

"Imefungwa!" Bertin aliita kutoka katikati ya daraja. "Kapita, imefungwa! Mumulete!"

Walimzika Pitshou jioni hiyo. Sanduku lilipita juu ya mbao mpya kwa mwendo wa miguu na hakuna aliyeimba. Gertrude hakwenda. Alikaa barabarani na mumewe, akaliangalia sanduku la mdogo wake likivuka bila yeye.

Kesho yake kilio kikawa chake. Wanawake walijaa kwenye mikeka, na baadhi yao walikuwa wakinong'ona, kwa sauti ambayo hunong'onewa mtu ili asikie, kwamba sasa kilalo kimeshiba. Kilipewa kichwa cha mdogo, kikataka na cha mkubwa, sasa kitatulia. Askari walikuwa wamewachukua vijana watatu asubuhi. Hénoc hakuwa nyumbani walipomtafuta, na hakuna aliyejua alikolala.

Bertin aliingia akavua kofia. "Mama Gertrude," alisema, "tumefunga vyombo. Bado kipande ya pembeni, kule sanduku haikupita, mbao iko wazi, lakini tumeweka mapipa. Nyundo italala mupaka tuzike kapita."

Gertrude alisimama. Uso ulikuwa umevimba, jicho la kushoto halionekani. "Mulisema nini kule?" aliwauliza wanawake wa mkeka. "Kilalo imeshiba? Kilalo haikulake muntu. Mweye njo mulimukula. Mulimukula na mate yenu, na batoto benu balimukula na miguu." Hakupaaza sauti. Akageuka kwa Bertin. "Rudieni ku kazi."

"Mama? Leo?"

"Leo. Sasa hivi."

"Bantu batasema—"

"Baseme! Si banajua kusema? Nyundo ililala juu ya Pitshou, ikaniulia bwana. Isilale tena. Nataka niisikie toka hapa."

Bertin alivaa kofia yake. Alipofika kwenye uzio alimkuta mtu amesimama nyuma ya michongoma, uso bado una mabaki ya masizi. Alikuwa Hénoc. Gertrude alimwona pia, akatoka mpaka uwanjani, na watu wakadhani atamrukia.

"Yaya," Hénoc alisema, macho chini. "Nilikuya kulomba. Kesho nibebe sanduku yake. Kisha niende mwenyewe kwa polisi."

"Sanduku yake hautaigusa," Gertrude alijibu. "Hata kidole. Wende na Bertin, ufunge mbao. Ikimalizika, njo wende kwa polisi." Alimtazama mpaka kijana akageuka, akamfuata Bertin kuteremka barabara.

Gertrude alirudi kwenye mkeka wake, kando ya maiti ya mumewe. Baada ya muda nyundo ilianza kusikika kutoka mtoni. Wanawake walitazamana, mmoja akafanya ishara ya msalaba. Kila pigo lilimshtua Gertrude mwili mzima, lakini hakuziba masikio. Alihesabu na kusikiliza. Mara likaja pigo moja lenye mlio wa kopo.

"Ile bado," alisema kwa sauti.

Akangoja mpaka waliporudia kuigonga.